Barabara ya Jumanne na Ijumaa

Jumamosi, 9 Machi

Muuguzi wa kitengo cha figo ameniagiza niwe naandika kila anachokunywa mume wangu, na uzito wake kila asubuhi. Vikombe vitatu kwa siku, basi. Akizidisha, mwili hauna pa kuyatoa hayo maji, yanampanda mapafuni. Nimenunua hiki kitabu kwa ajili hiyo, lakini vikombe vitatu havijazi ukurasa na mimi nina mengi rohoni. Nitayaandika humu humu. Akiyasoma, shauri yake.

Leo vikombe viwili na nusu. Amelalamika kwamba chai yangu ni ya kuonjesha mtoto. Wingu zito limekaa juu ya kilima tangu adhuhuri.

Jumapili, 10 Machi

Mvua ya kwanza. Vikombe vitatu. Alikaa dirishani akitazama maji yanavyomiminika kutoka kwenye bati, akasema, "Mungu naye ana mzaha."

Jumanne, 12 Machi

Tumekwenda, tumerudi. Kila Jumanne na Ijumaa teksi inatufuata nyumbani asubuhi, inatupeleka hospitali mjini, analazwa kwenye mashine inayomsafisha damu, halafu tunarudi jioni. Dereva tunamwita Breki, maana kuku akionekana mbali huko, yeye ameshakanyaga. Leo tulipofika mkatoni, pale barabara ilipochongwa kwenye ubavu wa kilima, juu udongo mwekundu na chini korongo, alisimama kabisa akachungulia juu.

"Mama, hiki kilima mwaka huu kimeshiba," akasema. "Kikitapika, gari langu silileti ng'ambo hii."

Nikamwambia aendeshe, aache kukitabiria mabaya kilima cha watu.

Ijumaa, 15 Machi

Kimetapika. Tope limelala barabarani kutoka ukingo hadi ukingo, linafika magotini, na ndani yake mawe na mizizi. Breki alisimama upande wa pili na gari lake safi, anatupungia mkono kama mtu aliyetusindikiza stesheni. Nilimshika mume wangu kwapani tukaingia. Katikati aliteleza akakaa chini kabisa, mtu mzima na heshima zake, nami nikakaa naye kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kumwinua peke yangu. Tukakaa pale. Akaanza kucheka. Mimi nilikuwa nalia, sijui kama aliona, mvua ilikuwa inanyesha.

Hospitali hawakutaka kumwingiza chumba cha mashine mpaka nimwoshe miguu. Nilimwosha bombani nje, mbele ya watu.

Jioni nikasema tena maneno yale yale: tuhamie mjini mpaka mvua zipite. Naye akajibu yale yale. Binti yetu anakaa chumba kimoja na watoto wawili, ghorofa ya nne, na ngazi za pale zilimshinda hata alipokuwa na afueni. "Na ng'ombe utamwachia nani?" akaniuliza. Ng'ombe! Nimekaa na mtu huyu miaka yote hii, na leo naona ningemuuza yeye nikabaki na ng'ombe.

Jumamosi, 16 Machi

Shemeji amekuja, mdogo wake mume wangu. Ni fundi wa kila kitu na hamalizi kitu. Jina lake mtaani ni Subiri Kidogo. Geti langu alilichukua kulichomelea bawaba, bado liko kwake limeegemea ukuta, kuku wanalalia. Anaongea kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto hata kama mmekaa benchi moja.

Alizunguka Punda mara mbili. Punda ni trekta letu dogo, la zamani, mume wangu alilinunua likiwa limeshatumika na likiwa limeshachoka. Nyuma lina mikono ya kunyanyulia jembe. Mbele halina kitu.

"Shemeji, nitalifungia nguvu mbele," akasema.

"Nguvu gani tena?"

"Haidroliki! Jeki mbili, kijiko, na pampu yake mwenyewe hapa puani. Lile tope tutalizoa kama mavi ya ng'ombe."

"Si lina pampu tayari?" nikauliza. "Inayonyanyua jembe."

Mume wangu akajibu kutoka kwenye kiti chake mlangoni. "Ile imezeeka kama mimi. Ukiiongezea kazi ya mbele utaiua. Mbele iwe na yake, na tangi lake la mafuta, izungushwe na injini moja kwa moja."

"Umesikia?" akasema Shemeji. "Kaka kanipa baraka."

Nikamuuliza itachukua muda gani. Akasema, "Subiri kidogo." Niliingia ndani kabla sijamtukana.

Jumanne, 19 Machi

Mvua usiku kucha. Shemeji alitangulia mkatoni na Punda, akajaribu kulisukuma tope kwa bapa la chuma lililo nyuma, kinyumenyume. Ni kama kufagia huku unakanyaga unachofagia. Magurudumu yanaingia topeni kwanza, bapa linafuata baadaye, na dereva shingo imegeuka nyuma kama bundi. Alikwama. Tukapita kwa miguu. Mume wangu hakuanguka leo, lakini alipofika kwenye gari midomo ilikuwa ya kijivu.

Breki aliwasha hita bila kuambiwa. Nimemsamehe kidogo.

Alhamisi, 21 Machi

Shemeji amerudi kutoka kwa wauza chuma chakavu na mzigo. Pampu ya tipa iliyokufa, jeki mbili za mashine ya kubebea mizigo ghalani, mipira ya presha iliyokunjamana, na kijiko chenye kutu ambacho meno yake mawili hayapo. "Kama mimi," akasema mume wangu, akaonyesha pengo. Wamecheka hao, ndugu wawili. Nimewaona wakiwa wadogo kwa dakika moja.

Vikombe vitatu. Nusu ya cha mwisho alimpa paka nikiwa natazama, ili nijue kwamba anaweza.

Ijumaa, 22 Machi

Kwa miguu tena. Sina la kuandika.

Jumatatu, 25 Machi

Uwanja wangu umekuwa karakana. Shemeji ametoa vyuma vyote vya puani mwa Punda, akachomelea fremu mpya kutoka mbele mpaka chini ya tumbo, maana anasema ekseli ya mbele ni nyembamba na ikibeba peke yake itakatika. Pampu ameifunga mbele ya injini, ikaunganishwa na puli kwa kishafti kifupi. Tangi la mafuta ametumia mtungi wa gesi uliokwisha. Mipira inapita huku na huku. Mmoja mnene unaleta mafuta kutoka kwenye tangi, mwingine unayapeleka kwenye valvu, kisha kwenye jeki, kisha yanarudi.

Mume wangu anasimamia kwa mdomo. "Huo umeupinda mno. Ukipinda hivyo utapasuka."

"Kaka, nani fundi hapa?"

"Wewe. Ndiyo maana nasema."

Nimewapelekea chakula wakala wamesimama. Nilitaka kusema neno juu ya geti langu, nikajizuia. Ni mara ya kwanza tangu mwaka jana namsikia mume wangu akigombana na mtu mwingine asiye mimi.

Jumanne, 26 Machi

Kilima kimeshuka alfajiri. Tulisikia mpaka huku nyumbani, mlio mzito, halafu kimya. Shemeji alikimbia kutazama, akarudi hana rangi. Tope limefika kifuani, na mti mzima umelala humo. Hapapitiki kwa miguu hata kwa mtu mzima wa afya. Breki alipiga simu kutoka upande wake, akasema hata ukingo wenyewe hauoni.

"Kijiko kimebaki kujaribiwa tu," akasema Shemeji. "Subirini kidogo."

Tukasubiri. Mume wangu ameshavaa shati la hospitali, lile la mikono mifupi ili wapate mshipa kwa urahisi. Nilisimama karibu na pua ya Punda, Shemeji akawasha. Injini ikashika. Akavuta leva. Kijiko hakikutikisika. Akaongeza moto wa injini, akavuta tena, na hapo pampu ikatoa mlio wa mbwa aliyekanyagwa, mafuta yakaruka kutoka kwenye shingo yake, yakanipiga usoni, yakaipaka nguo yangu ya safari, yakafika mpaka kwenye ukuta wa nyumba. Sili ya pampu, ule mpira wa kuzuia mafuta yasivuje, ilitoka yenyewe, tumeiokota karibu na banda.

Nilimwambia maneno. Nitayaandika kama nilivyoyasema, maana niliyasema mbele ya Mungu na ng'ombe. Nilimwambia, "Hujawahi kumaliza kitu maishani mwako, na leo unataka kuanza kumaliza na kaka yako. Utamuua kwa sifa zako."

Alikaa chini kwenye yale mafuta akashika kichwa.

Mume wangu alivua lile shati mwenyewe, akalikunja, akalirudisha kwenye mfuko.

Hatukwenda.

Jumatano, 27 Machi

Uzito umepanda kilo mbili na zaidi. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Leo nimempa kikombe kimoja. Ameomba cha pili kwa adabu, kama mgeni. Nimemnyima. Nimekwenda kulia jikoni, nikarudi, nikamnyima tena.

Mvua haijapumzika. Nimepiga simu ofisi inayohusika na barabara. Wamesema greda liko njia nyingine, na huku mwisho wa barabara ni nyumba chache. Nikasema nyumba chache zina watu. Yule binti kwenye simu akasema, "Pole, mama." Alisema kwa moyo, sina ugomvi naye.

Alhamisi, 28 Machi

Hawezi kulala chali. Anapumua amekaa. Anasema anahisi kuzama.

Shemeji alifika asubuhi na kamba na ngazi ya mbao, bila neno. Alimfunga kaka yake mgongoni kwa shuka, vile mtoto anavyobebwa, akapanda naye juu ya lile tope, akitandika ngazi mbele, anatembea juu yake, anaivuta, anaitandika tena. Mimi nyuma nimeshika kiuno cha mume wangu. Mara mbili Shemeji alizama mpaka mapajani, na mara zote mbili aliinuka. Sikujua kama ana nguvu zile. Sikujua kama anaweza kunyamaza muda wote ule.

Breki alikuwa amekuja na majirani zake wawili na makoleo, wamechimba ngazi upande wao. Aliendesha mpaka mjini hakukanyaga breki, nadhani mara moja tu.

Hospitali walitupokea bila foleni. Muuguzi alinitazama akasema, "Mama, siku moja zaidi usingemleta." Nikasema najua.

Ijumaa, 29 Machi

Bado tuko hospitali, wamemuunga tena leo. Ameanza kuwa na rangi. Nilikuwa nasinzia kwenye kiti, akaniita.

"Unaona kile kigurudumu?"

Kwenye mashine kuna kigurudumu kinachozunguka na kuusukuma mpira wenye damu yake. Nakiona kila Jumanne na Ijumaa na sijawahi kukitazama.

"Kina mshale," akasema. "Muuguzi alikuwa anamwonyesha mwenzake mgeni. Damu inatoka kwa mpira mwekundu, inarudi kwa wa bluu, na kigurudumu kifuate mshale. Kikizunguka kinyume, pale kinapotakiwa kunyonya kinasukuma."

"Haya."

"Ile pampu ya tipa ilikuwa inazungushwa na giaboksi. Sisi tumeipachika puani mwa injini. Inazunguka kinyume, mama. Mafuta yalisukumwa upande wa kunyonyea, yakakosa njia, yakatafuta pa kutokea."

"Yakatokea usoni kwangu," nikasema.

Alicheka mpaka mashine ikalia na muuguzi akaja kutugombeza wote wawili.

Nikampigia simu Shemeji. Nikamweleza habari ya mshale. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida ambayo sikuijua, "Nilidhani pampu ni pampu. Mwambie kaka nashukuru." Halafu akaniagiza ninunue sili mpya mjini, akanipa vipimo. Nimezunguka maduka manne na ile iliyotoka mkononi, nimeipata.

Jumapili, 31 Machi

Tumerudi jana kwa ile ile ngazi ya mbao. Leo Shemeji ameifungua pampu juu ya gazeti, akatoa vya ndani, gia mbili na mabamba yake, akavigeuza cha kushoto kulia, akazungusha na mfuniko wa nyuma. Amesema za aina hii zinageuzika. Ameweka sili mpya kwa kuipigapiga na kipande cha bomba, polepole, hakuna aliyepumua.

Amewasha. Mimi safari hii nilisimama nyuma ya mti.

Kijiko kilinyanyuka. Kilipanda kikafika juu ya paa la banda, kikasimama, kikashuka taratibu kama mtu anayeketi msikitini au kanisani, kwa adabu. Mume wangu alipiga makofi. Shemeji alikiinua na kukishusha, akakiinua na kukishusha, mpaka nikamwambia mafuta yanaisha na ng'ombe wanatishika. Uso wake ulikuwa umelowa na mvua ilikuwa imekatika.

Jumatatu, 1 Aprili

Siku nzima mkatoni. Anachota, anarudi nyuma, anageuka, anamwaga korongoni. Nyuma ya Punda amening'iniza pipa lililojaa zege. Nilimuuliza kama hilo nalo ni pambo. Akasema bila uzito wa nyuma, kijiko kikijaa, Punda atasimamia pua na dereva atafika korongoni kabla ya tope.

Jioni palikuwa na njia upana wa gari moja.

Jumanne, 2 Aprili

Breki amefika mpaka mlangoni. Tumekwenda. Tumerudi.

Ijumaa, 5 Aprili

Tope limeshuka tena usiku, dogo. Shemeji amelizoa kabla ya chai. Tumekwenda.

Jumapili, 7 Aprili

Shemeji ananifundisha kuendesha. Anasema hawezi kulala hapa kila siku ya Mungu. "Leva hii mbele kunyanyua, nyuma kushusha. Kijiko kikiwa kimejaa usikipandishe juu huku unatembea. Kaa nacho chini. Na usigeuke upande wa korongo."

"Kuna mtu anageuka upande wa korongo kwa hiari?"

"Shemeji, wewe unaweza ukiwa na hasira."

Mume wangu anasema nikiwa juu ya Punda nafanana na mama yake. Sijajua ni sifa au tusi. Mama yake alikuwa mkali.

Jumanne, 9 Aprili

Nimezoa mwenyewe. Mikono imevimba. Tumekwenda.

Ijumaa, 12 Aprili

Shemeji alikuja kunisaidia alfajiri, maana tope lilikuwa kubwa. Tulikuwa tunapokezana usukani. Wakati mimi nachota, yeye amesimama pembeni akitazama juu ili apige kelele udongo ukianza kutembea. Tulipopumzika nilimwomba radhi kwa maneno yale ya siku ya pampu. Sikuwa nimepanga.

Akasema, "Uliyosema ni kweli. Sijawahi kumaliza kitu." Akakwangua tope kwenye kiatu. "Nilikwenda kupima mwaka jana, nimpe figo moja. Sikuwaambia. Niliona nikimaliza hilo, hata geti lako hutaniuliza tena. Wakaniambia nina sukari, na hizi zangu nazo zimeanza kuchoka. Nikarudi nyumbani."

Nimeishi na mtu huyu kando ya maisha yangu nikimcheka, na yeye alikuwa amekwenda kimya kimya kutoa kipande cha mwili wake, akarudishwa. Nilimpa chai yangu yote iliyobaki kwenye chupa. Akauliza kama ina sukari. Tukacheka mpaka nikaogopa kilima kitatusikia.

Jumanne, 16 Aprili

Mpira mmoja umepasuka, ule ambao mume wangu alisema umepindwa mno. Hakusema "nilikwambia." Alimtazama tu ndugu yake. Ni mbaya zaidi. Tulichelewa, lakini tumekwenda.

Alhamisi, 18 Aprili

Vikombe viwili. Hakutaka cha tatu. Nilipaswa kufurahi.

Jumanne, 23 Aprili

Leo sikujua kama nitaandika tena.

Hakikushuka kilima. Safari hii ni barabara yenyewe iliyokwenda. Nusu ya barabara pale mkatoni imemeguka ikaingia korongoni, na iliyobaki ina upana wa Punda na pengine viganja viwili, imejaa tope juu. Gari haliwezi. Kumbeba mgongoni Shemeji hawezi. Wiki hii ameumia kiuno, anatembea kwa fimbo. Na Ijumaa iliyopita hospitali umeme ulikatika, mashine ikazimwa katikati, kwa hiyo mume wangu amekuja na maji ya nusu wiki ndani yake. Asubuhi alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima, na alikuwa amekaa kitini.

Shemeji aliikagua njia kwa fimbo yake, akirudi na kwenda. Kisha akasema, "Atakaa kijikoni."

"Nani?"

"Kaka. Na wewe utaendesha. Mimi ni mzito kuliko wewe, na ule ukingo unahesabu."

Nikasema sithubutu. Nikasema afadhali tukae hapa hapa sote. Mume wangu akasema, kwa pumzi fupi fupi, "Mama, mimi nimeshakaa kwenye vitu vibaya zaidi. Niliwahi kupanda gari la Breki."

Tukatandika godoro la mtoto ndani ya kijiko. Akaketi ananielekea mimi, mgongo wake mbele, blanketi mabegani, mwavuli mkononi. Tukamfunga kwa kamba kifuani. Shemeji akakagua pipa la zege, akakaza nati ambazo zilikuwa zimekaza. Nikawasha. Nikainua kijiko kidogo tu, kiganja kimoja kutoka chini, nikaingia.

Shemeji alibaki nyuma, upande wa nyumbani, akinielekeza kwa sauti yake ya ng'ambo ya mto. Upande wa kulia ukuta wa udongo unachuruzika. Kushoto hakuna kitu, sauti ya maji chini tu. Nilikuwa namtazama mume wangu. Sikuweza kuacha. Uso wake ulikuwa pale pale mbele yangu, umevimba, umetulia, chini ya mwavuli, na niliona kwamba ndiyo mara ya mwisho nauona.

"Usinitazame mimi," akasema. "Tazama gurudumu."

Nikatazama gurudumu. Katikati kabisa likashuka. Gurudumu la nyuma la kushoto, udongo ulikwenda chini yake, Punda akainama, na kijiko kikayumba upande wa korongo na mume wangu ndani yake. Shemeji alipiga kelele nisisimame. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kusimama. Nilishusha kijiko mpaka pembe yake ikakwaruza ardhi na kushika, nikakanyaga moto, Punda akajikongoja, akakohoa, gurudumu likapata kitu cha kushika, jiwe au mzizi, sitajua. Tukatoka. Nyuma yetu kipande kile kilianguka chote. Nilikisikia, sikugeuka.

Breki alikuwa anatusubiri. Alimfungua kamba mume wangu, akambeba kama bibi harusi mpaka kwenye gari. Mimi nilibaki juu ya kiti nimeshika usukani. Walinibandua vidole.

Jumatano, 24 Aprili

Tumelala kwenye benchi za hospitali. Shemeji yuko nyumbani na ng'ombe, ng'ambo ile. Ananiambia kwenye simu amekamua wawili na mmoja amempiga teke.

Ijumaa, 3 Mei

Tumekaa wiki nzima na zaidi kwenye chumba cha wageni cha hospitali, kwa huruma ya muuguzi. Greda limekuja hatimaye, maana barabara ikimeguka inaandikwa gazetini. Wamechonga ndani zaidi ya kilima. Leo tumerudi nyumbani kwa gari. Shemeji amelirudisha geti langu. Limesimama wima, linafunguka, linafungika. Nimelifungua na kulifunga mara nyingi kuliko ilivyohitajika ili anione.

Jumanne, 7 Mei

Tumekwenda. Jua.

Jumamosi, 11 Mei

Jua. Tope limekuwa vumbi. Anakaa mlangoni hasemi sana. Anakula kidogo. Shemeji ametoa kijiko kwenye Punda, anasema kipumzike mpaka msimu ujao. Mume wangu aliposikia "msimu ujao" alitazama pembeni.

Jumanne, 14 Mei

Breki alifika mapema. Barabara kavu, hakuna wingu. Nikatoka na mfuko. Mume wangu amekaa kitandani, shati la mikono mifupi liko magotini, hajalivaa.

"Leo siendi," akasema.

Nilidhani ni mzaha. Nikamwambia asinicheleweshe.

"Kaa kwanza." Nikakaa. "Mvua yote hii nilikuwa naona haya. Mnafukua kilima kwa ajili yangu, yule mdogo wangu anabeba mgonjwa mgongoni, wewe unaning'inia korongoni, halafu mimi nife? Ningewatazamaje? Basi nikawa nakwenda." Akatulia apate pumzi. "Lakini nimechoka, mama. Nilichoka kabla ya mvua. Sasa barabara imekauka, hakuna anayefukua. Naomba ruhusa."

Nje Breki alizima injini. Nilimsikia Shemeji akimtania kuhusu matairi, sauti yake ya ng'ambo ya mto.

Nilikasirika. Nimetafuta neno jingine, sijalipata. Nilimkasirikia kwa kila jiwe nililochota. Halafu nikamtazama mikono yake, ule uvimbe wa mshipa wanapomchoma sindano, na hasira ikaniacha peke yangu pale kitandani.

"Sikupi," nikasema. "Ijumaa uniombe tena."

Akalishika shati. "Na Ijumaa?"

"Nitakunyima tena."

Akavaa shati. Nilimfunga vifungo kwa kuwa vidole vyake vinakufa ganzi. Alipanda gari mwenyewe, nikakaa karibu naye, na safari nzima sikumgeukia hata mara moja, kwa kuwa najua Ijumaa moja nitampa.